Nilimuuzia Rafiki Yangu Mashine ya Gemu Nikijua Hukwama

Nimekosa, na kosa langu nalijua hadi tarehe yake. Sitasema shetani alinipitia. Shetani hakuiandika ile risiti. Niliiandika mwenyewe, kwa herufi nzuri zilizonyooka, nikiwa na akili timamu, Jumamosi tarehe 25 Julai 1998, hapa Garsen.

Jina langu sitalitaja. Wanaonifahamu watanitambua, na wakinicheka wana haki.

Mimi ni mjane tangu Mei 1989. Kalamu niliishika nikiwa na miaka thelathini na minane, katika darasa la ngumbaru kule Kulesa, Januari 1991. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kutia dole gumba. Karatasi za maziko ya mume wangu nilizitia dole gumba bila kujua zinasema nini, na siku hiyo niliapa kwamba hakuna karatasi nyingine itakayopita mbele yangu bila kusomwa. Ewe mwenzangu, kiapo kizuri kikikaa juu ya kiburi hakikai sana!

Novemba 1997 mto ulifurika ukachukua mpunga wangu na migomba yangu yote. Nilihamia Garsen, nikajenga kibanda cha chai karibu na pale ambapo mabasi ya Lamu huwasubiri askari wa kuyasindikiza. Abiria hukaa hapo saa nyingi bila kazi. Nilikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari, na vijana wakawa wananiambia, "Mama, hizi habari tumechoka nazo. Leta gemu, ulete na jiko la pili, maana hatutatoka hapa."

Basi Jumanne tarehe 7 Julai nilikwenda Malindi. Sitalitaja duka. Nilinunua mashine ya gemu na kaseti yake. Juu ya boksi palikuwa na picha ya wachezaji wa mpira na maandishi makubwa: michezo tisini na tisa. Nilitaka kumwambia muuzaji aiwashe kwanza niione. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni! Lakini alikwisha kuitandaza risiti juu ya meza, akanitazama lesso yangu na viatu vyangu vya vumbi, akauliza kwa upole wa kuudhi:

"Mama, utatia sahihi, au nikuletee wino wa dole gumba?"

Damu ilinipanda. Nilimnyang'anya kalamu. Nilitia sahihi jina langu lote, majina matatu, pamoja na tarehe, nikamrudishia kalamu yake kama mtu anayerudisha upanga alani. Chini ya sahihi yangu palikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza. Kiingereza changu hutembea kwa mkongojo, na sikutaka kijana yule anione nikikitembeza neno kwa neno. Sikuyasoma. Mimi! Niliyeapa!

Alhamisi tarehe 9 tuliiwasha kibandani. Michezo tisini na tisa ilikuwa minne tu, ikirudiwa-rudiwa kwa majina tofauti. Mpira haukuwamo kabisa. Na hiyo minne, mashine ikishapata moto, kama robo saa hivi, ilikwama. Picha inaganda, sauti inalia kama mbu, basi. Vijana walioshika zamu walidai haki yao, nami nikawarudishia, kwa sababu walilipia mchezo nao hawakucheza. Mmoja wao aliyekuwa akielekea Lamu aliniuliza, "Mathe, hii ni gemu ama ni kalenda?" Kibanda kizima kilicheka. Nami nilicheka, lakini moyo ulikuwa ukichemka.

Jumatatu tarehe 13 nilirudi Malindi na boksi langu mapajani.

"Umelifungua boksi," alisema muuzaji.

"Nimelifungua ndiyo. Ningejuaje kwamba kilichomo ni kibovu bila kulifungua?"

"Likishafunguliwa ni lako, mama."

"Na kama nisingelifungua?"

"Basi ungekuwa huna la kulalamikia."

Nisikilize vizuri, ndugu msomaji, usije ukadhani nimekosea kuandika. Ukilifungua, hurudishiwi kwa sababu umelifungua. Usipolifungua, hurudishiwi kwa sababu hujui kama ni bovu. Hiyo ndiyo sheria ya duka! Nimesoma kwa shida, lakini nimesoma, na sijawahi kuona maandishi yaliyotungwa kwa ujanja na ujinga kwa kipimo kimoja namna ile.

Nilipoendelea kusema aliifungua risiti, akaweka kidole chini ya yale maandishi mekundu, akanisomea kwa Kiswahili mbele ya wateja: kwamba mimi mnunuzi nimeikagua mali, nimeiona nzima, na mali ikishauzwa hairudishwi.

"Hii sahihi ya nani, mama?"

"Yangu."

"Imeandikwa vizuri, mashaallah. Pengine hujui kuichezesha tu. Hivi ni vitu vya watoto, si vya wazee."

Nilitoka dukani na boksi langu kwapani. Wizi ungekuwa nafuu: mwizi hakuombi sahihi.

Lau ningeishia hapo, ningekuwa mtu aliyedhulumiwa, na ningekuandikia malalamiko. Lakini ninayokuandikia ni ungamo. Sikiliza nililolifanya.

Nilikuwa na rafiki Muorma, mfugaji, nitamwita Mama Maro. Urafiki wetu ulirithiwa: mama yake alimletea mama yangu maziwa, mama yangu akampa mahindi na ndizi, na sisi tukafuata njia hiyo hiyo. Mafuriko yaliponiacha mikono mitupu, Februari 1998 aliniazima ng'ombe wa kukamua, niweze kuuza chai ya maziwa. Hakuniuzia. Aliniazima, jinsi watu wake wanavyomwazima ng'ombe mtu wanayemhesabu kuwa wa kwao.

Mama Maro alikuwa na binti yake, Maro, aliyeachwa na mume, mwenye kijiduka chenye umeme katika mji wa Hola. Alisikia kwamba mashine ya gemu huvuta watu. Aliuza mtamba, akaja kibandani kwangu ile Jumamosi ya tarehe 25.

"Dada, hii ya kucheza unauza?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe hayafiki kumi: mashine hii ni mbovu, nami nimedanganywa, usiinunue. Badala yake nilisema, "Kwa wewe tu, nauza."

Nilimwashia mchezo wa ndege zinazopigana. Alicheka kama mtoto, akashika vile vibonyezo, akapaza sauti kwa Kiorma kila ndege ilipoanguka. Nami nilikuwa nikiitazama saa ya ukutani. Ndiyo, niliitazama! Dakika ya kumi na mbili niliizima, nikamwambia betri isije ikaisha.

Kisha nikapokea bei yote ya mtamba wake, nikachukua kalamu. Nikamwandikia risiti, na mwishoni nikatia maneno yale yale niliyotiwa mimi: mnunuzi ameikagua mali, ameiona nzima, mali ikishauzwa hairudishwi. Nilimsogezea wino.

"Karatasi inasema nini, dada?"

"Inasema mashine sasa ni yako."

Alibonyeza dole gumba lake pale nilipomwonyesha, akaikunja karatasi kwa heshima kubwa, akaifunga kwenye pindo la nguo yake. Alinishukuru kwamba nimesoma, kwa hiyo mambo yake yatakuwa sawa. Mimi, ambaye najua jinsi dole gumba linavyokuwa zito juu ya karatasi usiyoielewa, nilipokea shukrani ile nikamfungia mashine yake.

Jumatatu tarehe 3 Agosti alirudi, mashine imefungwa kwenye gunia, akaanza kwa salamu ya Kiorma.

"Nagaa, dada. Mashine yako hii iko kucheza kidogo, halafu inasimama kama punda. Maro anapiga, haendi. Watu Hola wanacheka yeye. Chukua, nipe mali yangu."

Najua desturi ya watu wa mifugo; nimeishi nao maisha yangu yote. Mnyama akiuzwa na kasoro iliyofichwa, hurudishwa, na aliyeuza hupokea akiwa ameinamisha kichwa. Yeye hakuja kugombana. Alikuja kufanya jambo ambalo kwake halina ubishi.

Na mimi, kwa kiburi changu kilichosomeshwa ukubwani, nilimwambia, "Leta karatasi."

Aliifungua kutoka kwenye pindo. Nikamsomea yote. Nilisoma vizuri, kwa sauti, nikitua penye vituo. Wanawake watatu wa Kiorma waliokuwa wakiuza maziwa mbele ya kibanda wakasogea. Nilipomaliza alilitazama lile doa la wino.

"Hayo yote yalikuwa hapo siku ile?"

"Yalikuwapo."

"Na mimi nikauliza."

Nilimrudishia karatasi yake.

"Dada," alisema, "nilipokuletea ng'ombe, nilikuambia chuchu moja ya nyuma haitoi. Wewe uliona? Hukuona. Wewe mtu wa shamba, ungekaa mwezi bila kujua. Nilikuambia kwa sababu mimi najua. Na ng'ombe mimi nilikupa bure."

Mwenzangu, nimewahi kutukanwa. Nimewahi kufukuzwa shambani na shemeji zangu. Hakuna lililowahi kunichoma kama sentensi hizo za Kiswahili kisichonyooka, mbele ya watu, zikitoka kwa mtu asiyejua hata herufi moja. Na unajua nilifanya nini? Nilisema, "Sheria ni sheria." Ole wangu! Nilisema hivyo!

Aliiacha mashine mlangoni akaondoka.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa Kiorma aliyeketi na kibuyu chake mbele ya kibanda changu. Hawakunisusia kwa kelele. Walihamia upande wa pili wa barabara, wakaendelea kunisalimu kwa adabu, na adabu hiyo ilinikosesha usingizi kuliko matusi.

Nilijikaza miezi mitatu. Alhamisi tarehe 12 Novemba nilikwenda kwake na thamani kamili ya mtamba wake, niliyoipata kwa kuuza televisheni. Nilipiga magoti. Nilisema yote, hata habari ya saa ya ukutani. Nilitazamia anifukuze, au alie, au anisamehe. Alipokea, akamwita kaka yake ashuhudie, akanikaribisha maziwa. Nilidhani yameisha.

Kisha akasema, "Ng'ombe wangu, utamleta lini?"

"Kesho," nilisema.

"Vizuri. Hapo hatudaiani tena."

Wewe wa mbali utadhani hayo ni maneno ya amani. Kwetu huku hayana amani. Mtu wako ni yule ambaye daima una kitu chake nyumbani mwako, naye ana chako: ng'ombe, kibuyu, mbegu, deni la mazishi. Mkishamaliza kurudishiana kila kitu, mmekuwa wageni. Nilimpeleka ng'ombe kesho yake, Ijumaa tarehe 13, nikarudi na kamba mkononi. Urafiki wa mama zetu ulikwisha pale pale, bila ugomvi, kwa sababu ya mashine isiyofanya kazi hata robo saa.

Ninyi wenye maduka mnaouza mabovu ndani ya maboksi mapya na kujificha nyuma ya maandishi mekundu, siwasamehe. Mrudishieni mtu haki yake! Kilichouzwa kikiwa kibovu hakijauzwa bado. Nanyi wanunuzi, semeni "iwashe nione" kabla ya kugusa kalamu, hata mkichekwa, na mkae pale hadi ipate moto.

Lakini onyo langu kubwa ni kwa wenzangu tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima. Tunajua maumivu yake, kwa hiyo tunadhani hatuwezi kuyasababisha. Tunaweza! Mtu asiyejua kusoma akikuuliza karatasi inasema nini, msomee yote hadi nukta ya mwisho, hata kama aliyeiandika ni wewe. Ikiwa unaona aibu kumsomea, basi ichane.