Mtani Wangu wa Mpapura

Watu wakisikia nilikuwa daktari wa kupasua moyo, huniuliza kama mikono ilikuwa inatetemeka. Jamani, haikutetemeka. Moyo ukiushika ni wa moto, unaruka, basi. Kinachochosha ni mwenye moyo.

Miaka michache baada ya uhuru nilirudi kutoka masomoni ng'ambo, nikapangiwa Mtwara. Mashine ya kusukuma damu moyo ukiwa umesimamishwa hatukuwa nayo. Nilichoweza ni kuingiza kidole ndani ya moyo unaopiga, nikapanua mlango wa kupitishia damu uliosinyaa. Na nilijiwekea sharti: sipasui mtu ambaye sijakaa kitandani pake tukazungumza.

Ndivyo nilivyomjua mama mmoja wa Mpapura. Mlango wa moyo wake ulikuwa umebaki tundu dogo. Alilala ameketi, na mikorosho yake alikuwa akiiona kwa macho tu. Aliposikia kabila langu alicheka mpaka akakohoa. Kumbe sisi ni watani!

"Haa! Mla panya ndiye atakayenishika moyo?"

"Kwani nyie mna moyo? Nitafungua nikute muhogo mkavu."

Kisha akanishika mkono. "Mtani, binti yangu yuko unyagoni. Nataka niwepo siku anatolewa. Lakini nikifa, usiniletee pole za kidaktari. Uje kama mtani."

Nikaahidi.

Mlango ulifunguka vizuri. Alikunywa uji, akanitukana, nikafurahi kama mjinga. Asubuhi moja bonge la damu likampanda kichwani, akatutoka kabla sijafika wodini. Nilichukia kila kitu siku ile, hata harufu ya sabuni mikononi.

Nikaenda Mpapura. Desturi ya huku, mtani huvuruga maziko: hulala kaburini, akagoma kutoka mpaka aahidiwe kitu. Wanaume wakanitazama, wakingoja. Nikashuka na viatu vyangu vya hospitali, nikajinyoosha.

"Mnamzika nani? Hapa kwangu!"

Wakacheka, hata mumewe. Wakaniahidi kuku. "Haya, toka, mtani!"

Nilitaka kutoka, wallahi. Miguu ikakataa. Udongo ulikuwa wa baridi, na nilikuwa nimechoka uchovu wa wagonjwa wote niliowahi kuwaahidi. Nikaanza kulia kwa sauti. Wao wakazidi kucheka, wakisema huyu mtani anaijua kazi yake.

Mumewe ndiye aliyeacha kucheka. Akashuka, akanishika kwapani, akaniinua.

"Basi, mtani," akasema taratibu. "Mpishe alale."