Mawese Kwenye Karatasi

Watu wakija kwangu Makere na kuona picha nilizobandika ukutani, swali huwa lilelile. Mbona hujachora kambi ya wakimbizi? Kambi iko karibu, wanasema, ungepata mengi ya kuchora. Huwa nawakaribisha chai na kuwajibu taratibu, maana mimi ni mwalimu na nimezoea kurudia. Sijawahi kulala ndani ya hema. Nachora ninachokiona nikifungua mlango.

Nikifungua mlango naona muhogo wa jirani umeanikwa juu ya mwamba. Naona migomba, na nyuma yake vilima vya kuelekea Rungwe Mpya, ambavyo asubuhi huwa havionekani kabisa kwa ukungu. Kama hujawahi kushika rangi za maji, nikueleze kidogo, maana ni rahisi kuliko unavyodhani. Rangi nyeupe hatuitumii. Weupe wa ule muhogo siupaki, nauacha. Nazunguka pale pote na kahawia ya mwamba, na karatasi yenyewe inabaki kuwa muhogo. Ukungu ni hivyohivyo: unalowanisha karatasi kwa maji matupu, unagusisha rangi pembeni, unaiacha itembee yenyewe mpaka ichoke. Ukiwa na haraka utaharibu. Ukikosea, huwezi kufunika kosa kwa rangi nyingine kama wafanyavyo wenye rangi za mafuta. Kila ulichofanya kitaonekana.

Na kijani cha kwenye boksi usikiamini. Nilinunua boksi langu la kwanza dukani Kasulu, duka la daftari na kalamu, na kijani chake hakikufanana na jani lolote ninalolijua. Migomba yetu wakati wa kiangazi ina vumbi jekundu juu yake. Ilinibidi nichanganye njano, bluu kidogo, na tone la kahawia, nikaharibu karatasi nyingi kabla ya kupata jani moja lililonifanya nicheke peke yangu. Kwa hiyo usikate tamaa ukiharibu. Na mimi bado naharibu.

Mama yangu ndiye ninayemchora zaidi. Anauza mawese. Yanatoka chini, upande wa ziwa, anayanunua kwa madumu na kuyapima kwenye chupa za kuuza gulioni. Makere kuna baridi asubuhi, mawese yanaganda, kwa hiyo kabla ya kupima lazima ayasogeze karibu na jiko mpaka yalainike. Viganja vyake ni vyekundu tangu nimfahamu. Sabuni inapunguza, haimalizi.

Mama alivuka mpaka upande wa Munanila akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kutoka Burundi. Ni raia wa nchi hii kwa miaka mingi sasa, anapiga kura, na kahawa aliyoipanda nyuma ya nyumba imeshazeeka. Hata hivyo, siku moja mteja mmoja alishindwa kupunguziwa bei gulioni akamwambia mbele ya watu, "Wakimbizi nyinyi mna tamaa." Mama alikuwa ameshika chupa. Aliiweka chini polepole.

"Mkimbizi gani ana kahawa iliyozeeka?" alimuuliza. "Nenda kanunue kwa mwenyeji mwenzako, kisha urudi, maana mawese yake yamechanganywa."

Watu walicheka na yule mteja akaondoka. Lakini jioni mama hakula. Aliosha mikono muda mrefu kuliko kawaida yake.

Miezi michache baadaye afisa mmoja wa Kibondo, aliyehamishiwa huko kutoka mkoa mwingine, aliniita. Alikuwa ameona picha zangu shuleni kwetu. Alikuwa anaandaa maonyesho ya siku moja kwenye ukumbi, kutakuwa na wageni, akataka nilete picha moja kubwa.

"Chora mahema, Mwalimu," alisema. "Na watoto wenye madumu ya maji. Wageni wanaelewa haraka."

"Nitachora mama yangu akipima mawese," nikamwambia.

"Sawa, sawa. Ila iwe na hisia."

Nilipomweleza mama kwamba picha yake itatundikwa Kibondo, alitaka kuona mchoro wa penseli. Aliutazama akaguna.

"Umenichora nimeinama. Kwani mimi sisimami?"

"Unapopima unainama, mama."

"Nikimaliza kupima nasimama. Watakaoniona huko ni wengi. Nisimamishe."

Nikafuta, nikamsimamisha. Akawa wima uani, mpare wa kumiminia mafuta mkononi, dumu miguuni, nyuma yake migomba na vilima. Aliniambia siku hiyo ya maonyesho atakuja mwenyewe na jirani yetu, avae kitenge kizuri, ajione. Hapo ndipo nilipojua kwamba picha hii siyo yangu peke yangu. Alikuwa anataka kuonekana mahali penye watu, bila mtu kumwita lile neno.

Siku ya kupaka rangi nilikuwa nimeibandika karatasi yangu nzito juu ya ubao, nikauweka kwenye kiti uani, nikaenda kuchota maji. Mvua ya kwetu haitoi taarifa. Nilisikia matone kwenye bati, na kabla sijafika mama alishatoka jikoni mbio, amekumbatia ubao na kuuingiza ndani. Karatasi ilikuwa kavu. Upande wa kulia kulikuwa na vidole vinne vya mawese, na kushoto kiganja kizima.

Akachukua pindo la kitenge apanguse. Nikamwambia aache, lakini alishapangusa mara moja, kidole kimoja kikawa kirefu.

"Nimekuharibia, mwana wanje," alisema. Akikasirika au akihuzunika hurudi kwenye lugha ya nyumbani; maana yake ni mwanangu.

"Ngoja tuone," nikasema, ingawa nilijua. Mafuta na maji hayakai pamoja. Nilipopaka bluu ya anga, rangi ilifika kwenye vidole ikakimbia pembeni, ikajikusanya vitone kama maji juu ya jani la mgimbi. Nikajaribu tena na brashi nene. Ikakimbia tena. Kwenye vilima, kwenye migomba, kila mahali aliposhika pakabaki na rangi ya dhahabu hafifu bila bluu wala kijani.

"Chukua karatasi nyingine," mama alisema. Karatasi nyingine ilikuwepo. Niliitoa, nikaiweka kando ya ile ya kwanza, nikazitazama zote mbili mpaka chai yangu ikapoa. Ile ya kwanza, ukisimama mbali kidogo, ilikuwa uwanja wa nyumba yetu umeshikwa na mikono miwili, huku na huku. Mimi singeweza kuchora mikono ile. Hakuna brashi ya kufanya vile. Nikairudisha karatasi safi mahali pake na kuendelea na yenye mawese.

Asubuhi ya maonyesho nilifika Kibondo mapema. Picha niliyoituma mapema ilikuwa tayari ukutani, bado juu ya ubao wake, mahali pazuri, karibu na mlango. Chini yake afisa alikuwa amebandika kadi: *Maisha ya Mama Mkimbizi*.

"Afisa, hii kadi si ya picha yangu."

"Ni yako, Mwalimu. Nimekusaidia kichwa."

"Huyu mama ni raia."

"Najua. Lakini alikuja akiwa mkimbizi, si ndiyo? Mgeni akisoma hivyo, inamgusa. Akisoma *Mama Akipima Mawese*, anapita."

"Mwache apite."

Alicheka. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amelala saa chache na shati lake lilikuwa limechomwa na pasi begani. Akanisogelea, akapunguza sauti kama anayenipa ushauri. "Na haya madoa je? Nilidhani utaleta safi. Nimeyavumilia kwa sababu yanafanana na taabu."

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, kwamba mafuta yakitangulia maji hayaingii, kwamba yale ni mawese ya kuuza, na vidole ni vya yule mama pale katikati, siku alipoiokoa picha na mvua.

"Mwalimu, usinifanye mwanafunzi."

"Sikufanyi mwanafunzi. Nakueleza kwa nini hakuna taabu hapo. Kuna mtu na kazi yake."

"Programu imeshapangwa. Kadi inabaki, au picha inashuka. Chagua."

Nilitaka ibaki, sitaficha. Ukuta ulikuwa mzuri, na mama alikuwa njiani na kitenge chake kizuri. Nikafikiria akiingia mlangoni, jirani yetu akimsomea kadi kwa sauti, maana mama hasomi vizuri. Nikapanda kiti, nikaishusha picha.

"Utajuta," alisema afisa, kwa upole kabisa.

"Inawezekana," nikamjibu. "Kiti nitakiazima."

Nilikipeleka kiti nje barazani, nikaiegemeza picha juu yake, nikasimama pembeni kama muuza vitumbua. Waliokuwa wakiingia ukumbini walitupa jicho. Wengine walisimama. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniuliza nimepakaje vile vidole, nikamweleza, na nikamwambia akajaribu nyumbani kwa mafuta yoyote ya kupikia. Alikuwa ananipa mkono niliposikia sauti ya mama.

Kitenge kilikuwa kipya. Kwa mkono mmoja alibeba dumu dogo.

"Mbona wameniweka nje?"

"Ni mimi niliyekutoa." Nikamwambia yote, kadi ilivyoandikwa na nilivyojibu. Jirani yetu alishika mdomo. Mama alikaza fundo la kitenge, akachungulia ukumbini kupitia dirishani.

"Humo ndani wamechora mahema?"

"Yamo."

"Basi huku kuna hewa." Akaitazama picha kwa makini, akainama, akasogea. "Kuku wangu mwekundu yuko wapi?"

"Hakutulia."

"Ego, ni kweli. Yule hatulii."

Wageni walianza kutoka kwa mapumziko, vikombe mkononi, na afisa nyuma yao. Mwanamke mmoja wa mjini, mwenye miwani, alisimama mbele ya kiti. Alitazama picha, akamtazama mama, akarudi kwenye picha.

"Samahani, bibi. Huyu ni nani?"

Nilifungua mdomo. Mama aliniwahi.

"Ni mimi. Hapo ni kwangu, Makere. Hiyo mikono pia ni yangu." Akanyanyua lile dumu. "Na mawese ndiyo haya, kama unapika."

Yule mwanamke alicheka akaanza kuuliza bei. Afisa alibaki mlangoni, kikombe kimepoa. Kadi sikuiona tena, na sikumuuliza.

Kisha tukasikia matone kwenye bati. Upepo uliyasukuma mpaka barazani, na moja likaanguka juu ya kilima, kijani kikaanza kutiririka kuelekea chini, kikafika kwenye kidole cha kwanza cha mawese kikapinda. Mama aliweka dumu chini, akakimbilia ubao, kisha akasita, akageuza viganja vyake na kuvitazama.

"Shika tu, mama," nikamwambia.