Feni na Sauti ya Tisa

Haya niliyaona kwa macho yangu, asubuhi kweupe, nikiwa nimekunywa chai tu. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ninachekaga.

Niko na studio ndogo ya kurekodi nyimbo hapa Butembo, commune ya Kimemi. Kwetu ni Beni, familia ya Waislamu, donc watu wa kanisa la hapa nilikuwa siwajui. Siku hiyo walikuja mama wanane wa korali kurekodi wimbo wa arusi. Arusi ilikuwa kesho yake, na anayeoa ni mtoto wa Mama Kavira, kiongozi wao.

Shida ilikuwa kompyuta. Feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga mihogo, na mikro inakamata kila kitu. Ninatumia Linux, na humo kuna programu, fancontrol, inayopunguza mbio za feni kufuatana na joto. Jana yake ilifanya kazi vizuri. Asubuhi hiyo ikakataa. Joto nililiona kwenye kioo, mizunguko ya feni niliiona, mais kuiamuru ipunguze, hapana. Nilizima, nikawasha, mara tatu. Mama wamekaa na makoti yao, wananiangalia.

"Tuimbe tu na hii makelele?" Mama Kavira akauliza.

"Mama, itasikilika kama munaimba ndani ya camion inayopanda mulima."

Ndipo nikaona mzee amesimama kando yangu. Kofia, shati nyeupe, viatu safi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, barabara yote tope, na viatu vyake havina hata alama. Niliona, lakini akili haikusimama hapo. Nilifikiri amekuja na wao.

"Wavukire," akanisalimia kwa Kinande. Kisha akasema pole pole: "Ventilateur haiko mugonjwa, mwana. Ilihama nyumba. Wewe unaitafuta kwa numero ya zamani."

Nikafungua faili ya mipangilio. Niamini, alisema kweli. Faili ilikuwa inaitafuta feni kwenye namba ya zamani, hwmon2, na mashine, ilipowaka upya, ilikuwa imeipa namba mpya, hwmon3. Mzee wa umri ule aliyajulia wapi? Nikaendesha pwmconfig, programu ya kupanga feni, ikaandika faili mpya, nikaanzisha fancontrol. Feni ikashuka, ikashuka, ikanyamaza.

"Wasingya, papa," nikamshukuru.

Mama wakaanza kuimba. Naye akaimba nao, sauti nzito ya chini, macho amefumba. Wimbo ulijaa, nikafurahi sana. Ulipoisha niligeuka nimpe kiti. Hakuna mtu.

"Yule papa amepita wapi?"

"Papa gani?" Mama Kavira akajibu. "Tuko bamama munane tu. Tulikuona unasema peke yako, tukazani ni simu."

Nikarudisha rekodi. Sauti ya chini ilikuwa pale, wazi kabisa. Nilishika souris ya kompyuta niikate, nikidhani ni kosa la mashine. Mama Kavira akanishika mkono.

"Uiache," akasema. "Ni papa yangu. Alikuwa fundi wa redio, na kwa korali alikuwa anaimba basse. Tulimuzika mbele ya huyu mutoto wangu anayeoa kuzaliwa."

Niliogopa, kweli. Mais mama wale wakalia na kucheka pamoja, mmoja akapiga vigelegele, kisha wote wanane wakacheza katikati ya nyaya zangu. Ungebaki na uoga gani hapo? Kesho yake arusini wimbo ulirudiwa hadi watu wakaujua, na bwana-arusi akacheza na sauti ya babu ambaye hakumkuta.

Tangu siku ile namba ya feni haijahama tena, hata nikizima mashine mara ngapi. Sikuifunga namba hiyo isihame, kwa njia yoyote.

Nawe unayesumbuka na feni ya kompyuta, angalia namba kwanza kabla ya kununua nyingine. Na ukikuta ndani ya rekodi sauti usiyoijua, usiifute. Uliza walio karibu ni ya nani, na uulize kwa upole, maana huenda kuna mtu ameingojea miaka mingi.