Nilimwambia Anirudishie Nyama Yangu

Mimi ndiye niliyemrudisha uwanjani. Wacha niseme hilo kwanza, maana nikianza kujitetea sitanyamaza.

Jina langu sitalitaja. Ukikutana nami Kitale au Bungoma utaona tu mtu wa makamo mwenye mkoba wa spana. Natengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Nafuata mavuno: leo Endebess, kesho Kiminini, wiki ijayo Lwakhakha. Sijawahi kumaliza miaka miwili katika nyumba moja. Mke aliyejaribu kunizoea alichoka, akaenda zake.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinanirudisha mahali pamoja: raga. Nilicheza shuleni, nambari kumi na tano, beki wa nyuma kabisa, mpaka goti likakataa nikiwa kidato cha nne. Hadi leo nikinusa nyasi iliyotoka kukatwa nasikia filimbi. Kwa hivyo timu yetu ya Kitale ilipoanza kulipa wachezaji na kupanda ligi kubwa, kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani nilikuwa hapo, hata kama nimeacha mashine ya mtu imefunguliwa tumbo.

Na aliyevaa nambari kumi na tano alikuwa Simiyu. Mtoto wa dada yangu wa tumbo moja!

Kama wewe si Mbukusu, ngoja nikueleze kidogo. Kijana akikaribia kutahiriwa anakwenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba anachinja ng'ombe, anakata ukanda wa nyama ya kifua na kumvisha kijana shingoni. Halafu anampiga kofi la kifua na kumwambia maneno makali, ili aende kusimama mbele ya kisu kama mwanamume.

Mimi nilimwambia Simiyu mbele ya watu wote: "Kama utaogopa, nirudishie nyama yangu sasa hivi!"

Aliniangalia machoni. Asubuhi iliyofuata alisimama uani kwa baba yake, amepakwa matope mwili mzima, na kisu kilipopita hakupepesa hata kope. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Niliona kwa macho yangu haya.

Sasa twende kwa raga.

Jumapili baada ya kanisa, sisi mashabiki tulikuwa tunakutana kwenye hoteli moja ya chai nyuma ya soko la Kitale. Tunaichambua mechi ya jana, mchezaji mmoja mmoja, kila mtu anapewa maksi kati ya kumi. Wengine wanabishana, mimi nafunga hesabu, kwa sababu nilicheza. Kisha najirekodi kwa simu na kutuma sauti kwenye kundi la mashabiki. Watu walikuwa wanaingoja, kutoka Kibabii hadi Chwele. Wachezaji wenyewe walisikiliza. Nilivimba kichwa jamani! Mtu asiye na nyumba, lakini nikikohoa Kitale nzima inatulia.

Msimu ule tulianza vizuri. Kufika katikati, miguu ikawa mizito. Skram, pale wanapofungana mabega na kusukumana, inarudishwa nyuma, mipira ya kurushwa pembeni inaibwa. Tulipoteza mechi mbili mfululizo. Mchezaji pekee aliyebaki na moto alikuwa Simiyu.

Mechi ya tatu, kipindi cha kwanza, alijitupa kumkaba jamaa mmoja mkubwa kama kabati. Goti la yule jamaa likamgonga kwenye kipaji cha uso. Aliinuka, akaendelea. Lakini kipindi cha pili akaangusha mpira mwepesi wa juu, halafu mwingine. Kisha akanyoosha mkono mwenyewe, akatoka. Tulipoteza kwa trai moja, bao moja tu.

Jumapili yake nilimkuta ananingoja kwenye lango la kanisa, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi.

"Anko, jana nilikuwa naona mipira mbili," akaniambia. "Nadaka huu, kumbe ni ule mwingine."

"Umeenda hospitali?"

"Nimetoka huko asubuhi hii. Daktari anasema ubongo ulitikisika." Akanionyesha karatasi. "Wiki tatu nisiguse mpira. Kesho nampatia kocha hii. Lakini anko, tafadhali, ambia hao watu wasinichambue vibaya. Wewe ndio wanaskiza."

"Hiyo niachie," nikamwambia. Nikamshika bega. Akaenda akiwa ametulia.

Nilitembea hadi hotelini nikiwa na nia ya kumtetea. Naapa! Lakini nilipofika, moto ulikuwa umeshawaka.

"Ati ananyoosha mkono kama ako darasani!" Huyo ni Makokha, fundi wa redio, mtu wa kuchekesha hata matangani. "Mwalimu, naomba kwenda choo!"

Watu wakacheka hadi viti vikalia.

"Ngojeni kidogo," nikasema. "Kijana aligongwa."

"Bana, si kila mtu hugongwa? Hii ni raga ama ni kwaya?" Makokha akanigeukia. "Wewe mzee, wengine ukiwachambua unawachuna ngozi. Huyu ni mtoto ya dada yako ndio maana ulimi imekuwa laini. Sema ukweli!"

Meza nzima ikaniangalia. Ningesema sentensi moja tu: kijana ameniambia anaona mipira miwili, ana karatasi ya daktari. Sentensi moja! Lakini niliona macho yale, nikaona heshima yangu yote inapepea kama karatasi ya maandazi. Na nikuambie la chini kabisa moyoni: nilikumbuka goti langu. Mimi nilicheza nimevunjika kidole, hakuna aliyenionea huruma. Kwa nini yeye apumzike?

Nikachukua simu, nikabonyeza, nikasema: "Nambari kumi na tano, sufuri. Mtu wa raga hanyooshi mkono. Simiyu, kama umeogopa, nirudishie nyama yangu!"

Hoteli ilipasuka! Makokha alipiga meza, chai ikamwagika. Wote pale ni watu wa kwetu, wote walijua nimesema nini. Simu iliwaka vicheko hadi jioni. Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilifurahi!

Katikati ya vile vicheko kulikuwa na jibu moja fupi kutoka kwa Simiyu: "Sawa anko. Nimeskia."

Nililisoma. Nikaendelea kunywa chai.

Jumamosi iliyofuata jina lake lilikuwa kwenye orodha. Kumbe ile karatasi hakuipeleka. Alimwambia kocha yuko sawa. Kutoka tulipoketi hadi alipokuwa kocha hazikuwa hata hatua thelathini. Sikuzitembea. Nilijiambia labda kichwa kimepona. Nilijiambia madaktari hupenda kuongeza.

Wakati wa kupasha misuli alipita mbele yetu. Hakunisalimu. Alijipiga kifua mara moja, pale pale nyama iliponing'inia siku ile. Makokha akapiga kelele, "Sasa huyu ndiye wetu!"

Alicheza dakika chache. Mtu wao mmoja alipenya akiwa na mpira, na Simiyu akamwendea kwa kichwa na bega pamoja. Nilisikia ule mgongano. Yule mwingine akaanguka, akaamka. Simiyu hakuamka. Mpira ulibingirika peke yake hadi kwenye mstari wa chaki na hakuna aliyeufuata.

Hakufa. Watu huniambia nishukuru Mungu, na mimi hujibu amina, kisha naangalia pembeni.

Sasa yuko nyumbani kwa mama yake, karibu na Chwele. Jua linamuumiza, anakaa kivulini na kofia. Siku ya soko, pikapu zikipita na ng'ombe wakilia, anaziba masikio kwa viganja. Anaanza kusema jambo, katikati linampotea, anabaki anatabasamu kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake.

Mashabiki walisahau upesi. Wanajua nilimtania, na utani kila mtu alicheka, kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa. Wasichojua ni kwamba mimi nilikuwa nimeambiwa! Watu wawili tu ndio waliojua, na aliyeniambia amesahau kwamba aliniambia.

Nilipokwenda mara ya mwisho, dada yangu alinichinjia kuku. Akaniwekea firigisi, heshima ya kaka. "Wewe ndiye hujamtupa," akasema. Ile firigisi niliitafuna hadi ikawa kama raba.

Kisha akaleta mfuko wa viatu vya raga. "Hebu nisomee hii, kaka. Ilikuwa ndani ya kiatu. Mwandiko wa daktari unanishinda."

Ilikuwa ile karatasi. Wiki tatu. Tarehe ya Jumapili ile.

"Ni ya dawa ya goti," nikamwambia. Nikaikunja, nikaitia mfukoni kama takataka.

Mungu wangu! Nilimdanganya dada yangu nikiwa na kuku wake mdomoni.

Nilipokuwa naaga, Simiyu alinivuta shati.

"Anko, ile mechi ya mwisho ulinipa ngapi?"

Wiki ile sikutuma sauti yoyote. "Kumi," nikamjibu.

Akacheka kwa furaha. "Basi sikurudishii nyama." Akaangalia mikono yake. Halafu tena, kama mtu aliyefika sasa hivi: "Anko, ile mechi ya mwisho ulinipa ngapi?"

Nilijibu mara tano, kisha nikakimbia. Tangu siku hiyo nazunguka. Kiminini, Endebess, Lwakhakha, narudi. Mashine ikinguruma niko salama. Ikizimwa tu, kabla punje za mwisho hazijatulia kwenye gunia, namsikia: sawa anko, nimeskia.

Karatasi bado iko kwenye mkoba wa spana, imeshika grisi. Nimeandika haya ili ulimi uzoee, maana Jumamosi nakwenda Chwele kumsomea dada yangu kilichoandikwa, neno kwa neno, na siku niliyoonyeshwa. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa haki.

Na wewe unayeketi Jumapili na chai yako ukiwapima vijana wa watu, nakuomba. Ukitaka kumcheka mtu mbele ya watu, jicheke wewe. Kijana anayekuheshimu hasikii mzaha wako, anasikia amri. Kabla hujampa maksi, mwite pembeni, umuulize anaona mipira mingapi. Na akikujibu, wasemee wenzako alichosema.