Cephas Ndani ya Kichwa cha Korongo

Cephas hakuwa mtu wa kukaa. Alibeba magunia ya pamba Homa Bay, akachimba dhahabu Macalder, akauza samaki, na kote aliondoka kabla hajazoeleka. Kwa hiyo mwaka wa 1967, bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, alipotafuta mtu wa kuvaa kichwa cha korongo, si ndege bali yule swala mkubwa, na kuzunguka masokoni, Cephas alijitosa bila kuuliza mara mbili.

Kichwa kilishonwa kwa gunia, kikapakwa rangi, kikatiwa pembe za kweli. Waluo humwita mnyama huyo omoro, na bonde la Lambwe ndiko alikobakia. Kazi ya Cephas ilikuwa kucheza mpaka watu wajae, kisha apaze sauti: "Msichome nyasi! Ndama wangu hulala humo!" Na amri ilikuwa moja tu: asivue kichwa mbele ya watu, wala asitaje jina lake.

Jamani, aliyetunga amri hiyo hakuwa Mluo! Hebu nenda nchi ya Waluo, ufiche uso, urukeruke na pembe, uongee habari za moto, halafu ukatae kusema wewe ni nani. Utaitwa nini? Jajuok! Yule mchawi wa kukimbia usiku akirushia mapaa ya watu mawe, anayefuga wanyama wa porini na kubeba moto. Tena, watu husema, uchawi huo uko kwenye damu. Nyumba ya jajuok haiolewi.

Na Monicah, binti yake Cephas, alikuwa ameposwa na watu wa Rusinga.

"Baba Monicah, watakuja kuuliza," mkewe Priscilla alimwambia kila asubuhi. "Maneno yamefika mpaka kisimani. Tutasema nini?"

Cephas alijiendea kazini. Lakini usiku usingizi ulimruka.

Jumatano moja ya kiangazi, akiwa anacheza katikati ya soko, alichungulia kwenye matundu ya macho akamwona Filister, shangazi wa mchumba wa Monicah, aliyetumwa kuchunguza ukoo. Mama huyo alisogea mpaka karibu na pembe.

"Wewe kitu, kwenu ni wapi?"

Bwana nyama alisimama pale pale, kamkazia macho. Cephas akayumba mara kushoto, mara kulia. Akinyamaza, Monicah ameharibikiwa. Akaking'oa kichwa.

"Mimi ni Cephas, baba yake Monicah! Hii ni nguo ya kazi! Na nyasi msichome, yawa, jamani, nasema mimi mwenyewe!"

Filister alimtazama, jasho linamchuruzika, nywele zimejaa nyuzi za gunia, akaangua kicheko.

"Jajuok gani huyu anajitaja saa sita mchana? Mkwe wangu, Jumamosi tunaleta ng'ombe."

Bwana nyama akakichukua kile kichwa cha gunia.

"Tuliajiri korongo," akasema. "Hatukuajiri Cephas."

Cephas alikwenda nyumbani karibu kukimbia. Alimkuta Monicah anapepeta mtama.

"Ng'ombe wanakuja Jumamosi, mama," akamwambia.

Ungo ukamtoka mikononi, akalia kwa furaha. Cephas naye alilia, kwa furaha na kwa uchungu: upande wa Lambwe moshi ulikuwa unapanda, watu wameshachoma nyasi, na kazi ile, ya kwanza aliyoipenda maishani, haikuwa yake tena.