Mkono Usiovimba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Nyahanga kwenye machimbo ya dhahabu, nilipewa rula ya plastiki na kalamu ya wino. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nikadhani nimeajiriwa ukarani. Mratibu wetu wa kifua kikuu, mama mfupi wa maneno machache, akakunja mkono wa gauni na kuninyooshea mkono wake uliovimba kidogo.

"Fumba macho, papasa. Wekundu achana nao. Wewe unapima ugumu."

Hicho ndicho kipimo cha ngozi. Tulichoma kwenye mkono, ndani ya ngozi yenyewe, protini za vijidudu vya kifua kikuu vilivyokwisha kuuawa, kwa hiyo haziambukizi. Chembe za kinga zilizowahi kukutana na vijidudu hivyo huzitambua protini zile, huitana na kujaa pale. Siku ya tatu ngozi inakuwa ngumu, nawe unaburuta kalamu taratibu mpaka ikwame kwenye ukingo wa uvimbe, kisha unapima milimita.

Shida ilikuwa hiyo siku ya tatu. Mchimbaji akisikia dhahabu imeonekana kwingine, anahama asubuhi hiyo hiyo. Tukawa tunawafuata kwa pikipiki, na mimi, ambaye sijawahi kukaa mahali nikatulia, niliipenda kazi hiyo.

Kwenye foleni waliovimba walitaniwa. "Wewe, hicho ni kichuguu?" Mchimbaji mmoja, Masanja, alipofika, amekonda na anakohoa, mkono wake ulikuwa laini kabisa.

"Sifuri," nikasema.

Akauinua juu. "Mmeona? Mapafu ya chuma haya! Nyie wenye vichuguu msile sahani moja na mimi."

Nilicheka nao. Sikumwomba hata makohozi ya kupima.

Jioni Mratibu alipitia daftari. "Huyu mwenye kilo arobaini na nne, anakohoa?"

"Anakohoa, mama, lakini ana sifuri."

Akavua miwani. "Protini zile zinaubishia hodi mwili. Mwili uliochoka sana hauitikii, hata kama ugonjwa umejaa ndani. Huenda huyo ndiye mgonjwa kuliko wote. Kamtafute."

Masanja alikuwa ameshahama na mkewe na mapacha wao wachanga, wote chumba kimoja. Nilimtafuta siku mbili, duara hadi duara, maana ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, mpaka nikamkuta ng'ambo ya Buseresere. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa anasonga ugali.

"Si ulisema sifuri?" Masanja akaniuliza.

"Nilipima sawa, kaka, nikaelewa vibaya."

"Sasa nikuamini lini, leo au juzi?"

Mama Kulwa hakugeuka. "Usimwamini yeye. Uamini mkanda wako. Umeutoboa matundu mapya matatu tangu mavuno, na usiku unawakoholea watoto wangu."

Masanja akapanda pikipiki yangu.

Makohozi yake yalikuwa na vijidudu. Alimeza dawa miezi sita. Mapacha walipewa dawa za kuwakinga. Alipomaliza, Mratibu, ambaye sasa tulikuwa naye Kalangalala, aliniruhusu nimrudie kipimo. Siku ya tatu kalamu ilikwama mapema. Milimita kumi na nne.

Masanja akashtuka. "Ugonjwa umerudi?"

"Hapana. Makohozi ni safi. Safari hii mwili umeitikia."

Alitoka akiwa amekunja shati hadi begani, hakulishusha mpaka alipopotea barabarani.

Miaka imepita, mradi wetu wa kupima wachimbaji umefungwa, na siku hizi mashine zinasoma makohozi kwa saa chache. Sina hata miaka hamsini, lakini vijana wananiita mzee wa rula. Wakinionyesha majibu ya mashine nawaambia mashine ni nzuri, natamani tungekuwa nayo. Ila mgonjwa akiwa bado amesimama mbele yako, kabla hujaandika sifuri, tazama mkanda wake.