Samaki Niliyemwachia Siku ya Kujitambulisha

Kuna nyumba moja Midrand ambayo mlinzi wa getini, kila akiniona, huanza kucheka kabla sijateremsha kioo cha gari, na mimi nacheka naye, maana nifanyeje, aibu ikishakuwa yako ni yako, huwezi kuirudisha dukani ukadai chenji. Mnaonijua mnajua kwamba mimi ni mtu wa kuota macho wazi. Nashona nguo Jeppestown, na si mara moja nimeshona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia kwa sababu nilikuwa natazama vumbi linavyocheza kwenye mwanga wa dirisha (mteja akaja, akavaa, akanikazia macho, nikamwambia ni mtindo mpya). Lakini siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Nadège nilivuka mipaka yangu mwenyewe.

Nadège anasuka nywele Joubert Park, na huko ndiko tulikojuana, habari ndefu hiyo, tuiache. Kwetu Wakongo, kabla ya mambo ya mahari, familia ya mwanamume huenda nyumbani kwa binti kujitambulisha, na siku hiyo mwanamume mwenyewe haongei. Anakaa tu, amependeza, mdomo umefungwa, msemaji wake ndiye anayesema yote, na lolote msemaji atakalosema, yeye ni kutikisa kichwa. Msemaji wangu alikuwa Tonton Fidèle, mdogo wake baba, mtu anayeweza kulisifia jiwe mpaka likapata mnunuzi.

"Kazi yako iko mbili tu," aliniambia. "Kuwa musafi, na kunyamaza."

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Papa Nadège, yaani baba yake, mzee wa Kalemie aliyezaliwa karibu kabisa na ziwa, alikuwa hanitaki. Alishamwambia binti yake wazi: "Ule kijana, unamusemesha, yeye anaangalia mawingu. Atashika nyumba namna gani?" Alikubali kutupokea mara hiyo moja tu, kwa sababu Nadège alilia, na alisema asiporidhika tusirudi tena. Kwa hiyo siku ile ndiyo ilikuwa ya kumpata Nadège au kumkosa, na mimi nilijua hivyo, wala msije mkasema sikujua.

Sasa niwaambie kuhusu mto. Jina lake sitalitaja, maana wavuvi wana tamaa, ila unapita nyuma ya Midrand, na zamani ulikuwa unanuka kiasi kwamba ukivuka darajani unashika pua. Mzee mmoja mteja wangu, Hannes, alikuja siku moja na kizibao chake cha kuvulia, mifuko tele, nikakishona, tukaongea, akanichukua kunionyesha. Yeye na wenzake walikuwa wametoa huko matairi, magodoro, mifuko ya plastiki mpaka wakachoka, na maji yakaanza kurudi kuwa maji. Na samaki wakarudi, bass wa mdomo mdogo (ingawa huo mdomo si mdogo hata kidogo, muulizeni kidole changu). Hannes alinifundisha kuwavua kwa nzi wa kutengeneza, yaani unafunga manyoya na uzi kwenye ndoano mpaka ifanane na mdudu, kazi ambayo kwa fundi cherehani ni kama kupumzika. Sharti lao ni moja, ukimpata unamrudisha majini, na kwa hiyo kile kijino cha ndoano unakibana kwa koleo kabla hujaanza, ili itoke bila kumuumiza. Akanipa ufito wake wa zamani wa kuvulia, kile kizibao, na ovaroli ya kuvulia, ile isiyopitisha maji inayofika mpaka kifuani na viatu vyake humohumo.

Basi asubuhi ya siku yenyewe niliamka mapema mno, moyo unanidunda. Suti yangu, ya buluu iliyoiva, niliyoishona mwenyewe na kuirudia kola mpaka ikakubali, ilikuwa inaning'inia mlangoni. Nikaitazama. Nikafikiri: nikikaa hapa nitaugua. Mto uko karibu na kwa Papa Nadège, mkutano ni saa nne, nikapitie huko nirushe mshipi kidogo moyo utulie, nibadilishe nguo garini, niingie nikiwa mtu mpya. Wazo zuri kabisa. Hata leo nikilifikiria, naona lilikuwa zuri.

Na mto ulikuwa mzuri, jamani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, haujaamua kuondoka, na mierebi imeinamisha matawi yake, kwenye matawi ya juu bado kuna vipande vya plastiki vya mafuriko ya zamani vinapepea polepole, na hata hivyo vilipendeza. Ndege wawili, wale wanaoitwa hadeda, walipita wakipiga zile kelele zao za kulaumu, halafu kimya. Niliingia mpaka mapajani, baridi ikinibana kwa nje bila kuniingia, nikaanza kurusha, mshipi unakwenda nyuma, unanyooka, unakuja mbele, unanyooka, nzi anatua bila sauti, maji yanambeba. Unarusha tena. Kuna toroli la supamaketi lililozama pale kwenye kona, wameliacha makusudi maana samaki wamelifanya nyumba, na maji yakipita katikati ya vyuma vyake yanaimba sauti ndogo, na mimi nilisimama nikiisikiliza, nikamfikiria mama yangu Lubumbashi, nikafikiria watoto nitakaozaa na Nadège wakiongea Kizulu na mimi nikiwajibu Kiswahili, nikafikiria kwamba mto unaweza kufa na ukafufuka bila kumwambia mtu. Ukungu ukaondoka. Jua likapanda. Sikuwa na saa wala simu, vyote viko garini pamoja na suti. Nikajiambia, mara ya mwisho, narusha naondoka. Nikarusha ya mwisho nyingi sana.

Halafu nzi akapotea.

Sijui niwaelezeje. Ufito uliinama mpaka nikadhani nimenasa toroli, kisha toroli likaruka juu ya maji, rangi ya shaba, likatikisa kichwa. Tulipigana kwa muda mrefu. Nilipomleta karibu nililowesha kiganja kama nilivyofundishwa, nikamshika kwa chini, mzito, mistari myeusi ubavuni, jicho jekundu linanitazama bila hasira. Mkubwa kuliko wote niliowahi kupata. Ndoano ikatoka yenyewe. Nikainama, nikamshikilia majini mpaka akapata nguvu, nikafungua mkono, akasimama pale kidogo kana kwamba hajaamini, akaenda. Nilikuwa na furaha ya kutaka kulia.

Na hapo nilipoinama ndipo ufunguo wa gari ulipoteleza kutoka kwenye mfuko wa kizibao (mfuko mmoja tu ambao sikuushona), nikauona unang'aa, unazama taratibu kwa heshima zote, unaingia chini ya toroli.

Nilipapasa mpaka nikafika mabegani. Nikatoka nikajaribu kuvunja kioo kwa jiwe, jiwe ndilo likavunjika. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa nikamuuliza saa, akaniambia saa tano na nusu. Ndani ya ile ovaroli, naomba mnielewe, nilikuwa na chupi tu, kwa kuwa nilipanga kuvaa suti, na sasa ovaroli ilikuwa imejaa maji. Kuivua haikuwezekana. Nikashika ufito wangu, nikaanza kutembea kando ya barabara ya Midrand, kila hatua inasema chwa, chwa.

Getini mlinzi alinitazama juu mpaka chini. "Eish, bhuti, ndugu yangu. Watu wa kusafisha swimming pool wanapitia geti la nyuma."

Ningebishana, lakini nilikuwa nimechelewa. Nikapitia geti la nyuma, nikafuata uzio, nikatokea uani kwa Papa Nadège, na pale kulikuwa na hema, viti vya familia mbili vimetazamana, harufu ya sombe, kisamvu chetu, inatoka jikoni, na watu wote wamesimama, wameinamisha vichwa, wamefumba macho. Walikuwa wanaomba. Walikuwa wananiombea mimi. Tonton Fidèle, alipoona sifiki na simu haijibiwi, alikuwa amewaeleza kwa machozi kwamba usiku nimeshikwa na tumbo vibaya sana, madaktari wamenilaza, na mpaka wakati ule hali yangu haijulikani.

"Muinue, Bwana, pale kwenye kitanda chake!" alisema shangazi yake Nadège. "Amina!" wakajibu, wakafumbua macho, na mimi nikiwa nimesimama mbele yao, natiririka maji, ufito mkononi.

Mtu mmoja akapiga vigelegele, nadhani aliamini ni muujiza. Wengine hawakuamini kitu. Tonton aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwa binadamu, akanong'ona, "Nyamaza. Uko mugonjwa." Nikashika tumbo. Nikaenda kumsalimia Mama Nadège, nikainama kwa adabu zote, na kumbe kifuani pa kizibao kuna kipande cha manyoya ya kondoo tunapochomeka nzi, na mmoja wao akamshika mama mkwe wangu kwenye blauzi yake ya lesi, begani. Nilipotaka kuinuka, akainuka na mimi. Nikarudi chini, akarudi na mimi.

"Mama, tulia kidogo, usivute, mi natoa," nikasema.

"Bwana arusi haseme!" Tonton alipiga kelele.

Nilitulia. Hilo naliweza, kitambaa nakijua. Nikaisukuma ndoano ilikotoka, ikaachia, lesi haikukatika hata uzi mmoja. Papa Nadège akaja, akaichukua kutoka mkononi mwangu, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Ndoano hii haina jino," alisema. "Ulikuwa wapi?"

Tonton alianza, "Papa, mutoto alitoka hospitali, njiani..."

"Naulizaka yeye."

Nikasema kweli yote. Mto, moyo kudunda, ufunguo. Maji yalikuwa yananidondoka kwenye mkeka.

"Na samaki iko wapi?"

"Nilimwachia, Papa."

"Alikuwa mudogo?"

"Mukubwa sana, Papa."

Kwa mzee wa Kalemie sikuweza kusema neno baya zaidi ya hilo. Alitikisa kichwa taratibu. "Unashika, unaachia," alisema. "Na mutoto wangu? Naye utamushika, kisha utamuachia?"

Nilimtazama Tonton, naye alikuwa ameshika kichwa. Hakukuwa na msemaji tena. Nikasema lililokuja.

"Papa, mto ule ulikuwa umekufa. Samaki ndiyo banaanza kurudia. Tukiwakula leo, hakuna kesho. Lakini Nadège, mi sikumuvua na ndoano. Alikuja mwenyewe, na kila siku naomba asiondoke."

Kisha dirisha la jikoni likafunguliwa, na sauti ya Nadège ikasema, "Ni kweli, Papa. Nilikuja mwenyewe. Na tafazali mumupe suruali, atapata tumbo ya kweli."

Papa Nadège hakucheka, ila mabega yalimtikisika. Alinitoza mbuzi wa kuchelewa, akamtoza Tonton mbuzi wa uongo, akaniazima suruali yake iliyoniishia chini ya goti, na nikakaa hivyo mbele ya familia mbili mpaka mambo yakaisha na tukaruhusiwa kurudi, nimenyamaza kabisa, maana sasa hata ningetaka kusema ningesema nini.

Tangu siku hiyo sijakanyaga mto siku ambayo kuna mtu ananingoja mahali, na ufunguo wa gari nauvaa shingoni, umefungwa kwa uzi wa jinzi. Ule wa kwanza bado uko kulekule chini ya toroli, na wakati mwingine nikiwa kwenye cherehani namwona yule bass akipita juu yake, hauhitaji.

Na Papa Nadège alitaka kuonyeshwa huo mto. Nikampeleka. Alipompata samaki wake wa kwanza alimshika kwa mikono miwili, akasimama muda mrefu sana katikati ya maji, akaniambia jinsi mama yake mzazi alivyokuwa anapika samaki kama yule, na nyanya, na mawese, na pilipili ya kijani. Kisha akainama, akafungua mikono.

"Usiambie Mama Nadège," alisema, akapangusa uso.